Kabla hujafunga waridi ukutani, uliza lilipanda meli gani

Kuna aina ya picha inazunguka kwenye simu za watu wengi siku hizi. Nyumba ya mawe ya Uingereza, mlango wa mbao, na waridi limepanda ukuta mpaka karibu na paa, maua yamejaa kama harusi. Halafu chini yake swali huwa ni lile lile: msee, mimi nina kaua kadogo nyuma ya keja, jua haliingii sana, niweke waridi gani la kupanda?

Wanaouliza ni watu wa Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa. Nyumba za kupanga, ukuta wa jirani una ghorofa tatu, mwembe wa landilodi umefunika nusu ya anga. Sehemu ya kuanika nguo na kuweka mtungi wa gesi, ikibaki mita mbili hivi, hapo ndio mtu anataka kupata urembo. Naheshimu sana hilo. Mtu anayetaka ua kwenye mita mbili ana roho nzuri.

Jibu fupi: inategemea saa za jua, na kwa wengi wenu jibu sio waridi. Jibu refu ni historia. Na mimi naona historia itakusaidia kuchagua kuliko hizo picha, kwa sababu kila mmea unaopanda ukuta Pwani ulifika hapa na stori yake, na stori hiyo ndio inaeleza kwa nini utastawi ama utakufia mkononi.

Ua na ua

Anza na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, ua ni kile kinachochanua. Na ua pia ni ile sehemu iliyozungushiwa, ya nyumba. Wingi ndio unatenganisha: haya maua, zile nyua. Lugha yetu imeweka bustani na ukuta kwenye neno moja.

Ukienda Gedi utaelewa. Mji ule ulianza kama karne ya 12, ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 17, na leo msitu umeukumbatia. Tembea kwenye zile nyumba za mawe uangalie zilivyopangwa: unaingia, unakutana na ua mdogo wa ndani, halafu vyumba ndio vinafuata nyuma yake. Lamu sehemu hiyo wanaiita kiwanda. Kuta ndefu, anga kidogo, kivuli muda mwingi wa siku.

Sasa shika hiyo pointi. Kwa wazee waliojenga hivyo, kivuli hakikuwa shida ya kutafutiwa dawa. Kivuli ndicho kilikuwa lengo. Joto la Malindi unalijua mwenyewe, mwezi wa pili na wa tatu mtu anatafuta upepo kama pesa. Ua wenye kivuli ulikuwa ni utajiri. Wazo la kwamba bustani ndogo yenye kivuli ina kasoro limetoka kwenye nchi za baridi, ambako jua ni la kuwinda. Sisi tumelibeba pamoja na picha.

Waridi letu lilikuwa la chupa

Haimaanishi kwamba waridi ni geni Pwani. Waridi tumelijua kwa karne nyingi, ila kwa njia tofauti.

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alishuka Mogadishu kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa. Anaeleza alivyopokewa na watu wa Sultani: akaletewa tambuu na popoo, halafu akamwagiwa maji ya waridi yaliyotoka Damascus. Damascus, wasee. Kabla ya ndege, kabla ya friji, mtu wa pwani hii anampokea mgeni kwa harufu iliyosafiri kutoka Sham.

Na desturi haikufa. Mrashi bado uko majumbani. Harusini na kwenye maulidi bado wageni wananyunyiziwa marashi, na nyanya zetu wanajua mawaridi ya kweli na ya kughushi kwa kunusa tu. Neno waridi limetoka Kiarabu, kama yasmini ilivyopita kwa Waajemi na Waarabu mpaka kutufikia sisi. Kuna hata neno mwaridi, mti wenyewe, kwa hiyo sio kwamba hakuna aliyejaribu kupanda. Lakini waridi kubwa la Pwani, lile la kila siku, lilikuwa la chupa.

Kwa nini chupa? Kwa sababu waridi la marashi linataka baridi. Angalia Oman, ambako ndugu zetu wengi wana ukoo. Waridi lao maarufu halilimwi Muscat kwenye joto la bahari. Linalimwa Jebel Akhdar, kwenye matuta ya mlimani kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mavuno ni ya majira ya kuchipua tu, karibu mwezi wa nne. Hapa Kenya hadithi ni hiyo hiyo. Nchi yetu ni kati ya wauzaji wakubwa wa waridi za kukatwa duniani, lakini zinatoka Naivasha na nyanda nyingine za juu. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu. Usiku wa kule unatoa mvuke mdomoni. Usiku wa Malindi unatoa jasho.

Hata Afrika yenyewe inatuambia jambo hilo hilo. Kusini mwa Sahara kuna waridi moja tu la asili, wanasayansi wanaliita Rosa abyssinica. Ni jeupe, linanukia, na linapanda juu ya vichaka. Liko Ethiopia na majirani zake, milimani. Halikuteremka pwani. Mmea ambao ungeweza kutembea polepole kwa maelfu ya miaka uliangalia joto letu ukasema asante, nabaki hapa juu.

Waridi lilivyojifunza kuchanua mwaka mzima

Sasa hizo picha za Uingereza. Watu wanadhani waridi la kupanda ni jambo la kizungu tangu zamani. Hapana. Waridi nyingi za zamani za Ulaya zilikuwa zinachanua mara moja kwa mwaka, wiki chache, basi. Tabia ya kuchanua tena na tena ilitoka China.

Bustani za China zilikuwa na waridi hizo kwa karne nyingi. Kumbuka Malindi na China zilikuwa zinajuana: mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, na vyombo vya China vimechimbuliwa Gedi. Wazungu walichelewa sana kwenye hiyo biashara. Waridi za China zilianza kuwafikia kwa wingi mwishoni mwa karne ya 18, zikisafiri kwa meli za biashara, nyingine zikipumzika kwenye bustani za Calcutta, ndio maana ziliitwa waridi za Bengal. Yaani zilipita Bahari ya Hindi. Bahari yetu hii hii ya kusi na kaskazi.

Kutokana na waridi hizo za China zilizaliwa familia mbili ambazo hadi leo ukiuliza waridi la kupanda linalovumilia kivuli kidogo, utatajiwa.

Ya kwanza inaitwa Noisette. Ilianzia Charleston, kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19. Bwana mmoja mwenye mashamba ya mpunga, John Champneys, alipata mche uliochanganya waridi la China na waridi la miski. Jirani yake, Philippe Noisette, akauendeleza na kumtumia ndugu yake Paris. Ufaransa ikapagawa. Jina la familia hiyo ya maua likawa la hao ndugu wawili. Lisilotajwa kwenye lebo ni kwamba mpunga wa Charleston ulilimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Na kwamba nyumbani kwa Philippe aliishi Celestine, mwanamke mweusi aliyetoka naye Haiti, mama wa watoto wake, ambaye kisheria alihesabika kuwa mali yake, yeye na watoto.

Ya pili inaitwa Bourbon. Hii ndio inatugusa zaidi, kwa sababu haikuzaliwa Ulaya kabisa. Ilizaliwa kisiwani, kwenye Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagascar. Kisiwa hicho leo ni Réunion. Zamani kiliitwa Bourbon. Wakulima wa pale walitumia waridi kama wigo wa mashamba: la China upande mmoja, la Damascus upande mwingine. Karibu mwaka 1817 mtu mmoja akaona mche ambao haufanani na lolote kati ya hayo mawili. Maua yalikuwa yamechanganyika yenyewe kwenye wigo. Mbegu zikapelekwa Paris, na kutoka kwenye ukoo huo ndio mwaka 1868 likapatikana waridi la kupanda lisilo na miiba, Zéphirine Drouhin, ambalo mpaka leo vitabu vya bustani vinalipendekeza kwa kuta zisizo na jua kali.

Kwa hiyo ukiona lile waridi la waridi-waridi kwenye mlango wa nyumba ya Uingereza, jua kwamba mababu zake ni mkimbizi wa Damascus na msafiri wa China, waliokutana kwenye wigo wa kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari yetu.

Nani alipalilia ule wigo?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Kisiwa cha Bourbon kililimwa na watumwa. Wengi walitolewa Madagascar, Msumbiji, na pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa: apewe watu 1,000 kila mwaka. Elfu moja, kila mwaka, kwa karatasi na muhuri. Walipelekwa kwenye visiwa vya Ufaransa, Bourbon na jirani yake Mauritius. Utumwa Réunion ulikomeshwa tarehe 20 Desemba 1848, na siku hiyo zaidi ya watu 60,000 waliachiwa huru.

Na tusijifanye sisi malaika. Malindi yenyewe ilifufuka kuanzia mwaka 1861, chini ya Sultani wa Zanzibar, kwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Hapa kwetu hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Kuna familia mtaani zinabeba historia hiyo, upande mmoja ama mwingine, na nyingine pande zote mbili.

Sasa nikutajie mtu mmoja kutoka kile kisiwa, kwa sababu naye anahusika na mimea inayopanda. Anaitwa Edmond. Alizaliwa mwaka 1829 Sainte-Suzanne, mtumwa, mama yake alifariki akimzaa. Enzi hizo Wafaransa walikuwa na vanila kutoka Mexico. Vanila ni okidi inayopanda juu ya mti, inapenda kivuli. Ilichanua vizuri tu, lakini haikuzaa, kwa sababu wadudu wanaoichavusha walibaki kwao. Wataalamu wa Ulaya walihangaika miaka na miaka bila njia ambayo mkulima wa kawaida angeweza kuitumia.

Mwaka 1841, Edmond akiwa na miaka 12, alichukua kijiti chembamba, akainua kile kiwambo ndani ya ua, akabonyeza kwa kidole gumba. Imeisha. Ua likashika mimba. Akapelekwa shamba kwa shamba kuwafundisha wenzake. Njia hiyo ya Edmond ndio inatumika mpaka leo Madagascar, Uganda, na kwingine, ua moja baada ya jingine, kwa mkono.

Alipata nini? Mwaka 1848 alipewa uhuru na jina la ukoo, Albius, ambalo linatokana na neno la Kilatini la weupe. Hata mtaalamu mmoja wa Kifaransa alijitokeza kudai kwamba ujuzi ule ulikuwa wake. Edmond alikufa maskini mwaka 1880.

Linganisha na hii: mwaka 1931 Marekani ilitoa hataza yake ya kwanza kabisa ya mmea. Ilikuwa ya nini? Waridi la kupanda, New Dawn. Aliyeomba akapata karatasi ya serikali ikisema huu mche ni wake. Mtoto aliyeipa dunia vanila alipata jina la weupe.

Mimi shuleni nilisoma Vasco da Gama mpaka nikachoka: 1498, Malindi, nguzo, baharia wa kumwongoza India. Edmond sikumsikia hata siku moja. Na vanila nilikuwa nakula kwenye aiskrimu.

Maua yaliyobadilishana majina

Bogenvilia je? Ukipita Malindi ama Kilifi kila geti lina bogenvilia, zambarau, nyekundu, nyeupe. Watu wanadhani ni ya hapa. Ni ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 meli za Kifaransa zilizokuwa zinazunguka dunia zilitia nanga Rio de Janeiro, na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson akaikusanya. Akaipa jina la kapteni wake, Bougainville.

Ila Commerson alikuwa mgonjwa wa mguu, na aliyekuwa akibeba mizigo na kukusanya mimea alikuwa msaidizi wake, kijana mmoja mkimya. Kijana huyo alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, amejifunga kifua na kuvaa nguo za kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kwenye meli za jeshi. Wapo wanaoamini ni yeye aliyeichuma bogenvilia. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Wote wawili walishuka Mauritius, Commerson akafia huko mwaka 1773. Kapteni ana ua kwenye kila geti la Pwani. Jeanne alisubiri mpaka 2012 ndipo mmea mmoja ukapewa jina lake, jamaa ya mtunguja na nyanya, huko Amerika ya Kusini.

Halafu kuna kichekesho kikubwa zaidi. Vichakani kwetu kuna asumini ya mwituni inayopanda, maua meupe madogo, jioni inanukia. Jina lake la kisayansi ni Jasminum fluminense. Hilo neno la mwisho maana yake ni "ya Rio de Janeiro". Lakini mmea ni wa Afrika! Ulivushwa kwenda Brazil enzi za Wareno, ukazoea, na padri mmoja wa huko, Vellozo, alipoorodhesha mimea ya Rio akaiandika kama ya kwao. Kwa hiyo sisi tuna mmea wa Rio wenye jina la Mfaransa, na Rio wana mmea wetu wenye jina la Rio. Watu na maua walipanda meli zile zile, na wote wawili walibadilishwa majina njiani.

Haya, tuchague

Nimesema historia itakusaidia kuchagua. Tuone.

Kwanza, hesabu jua. Siku moja ya mapumziko, kila saa piga picha ule ukuta wako. Hesabu saa ambazo jua linaupiga moja kwa moja. Usikadirie, hesabu.

Pili, tupa ushauri wa "ukuta wa kaskazini". Vitabu vya Uingereza vinasema ukuta unaotazama kaskazini ndio wa kivuli. Kwao kweli. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba jua la mchana linakuwa upande wetu wa kaskazini; miezi iliyobaki linahamia kusini. Ukuta wenye kivuli mwezi wa sita unaweza kuungua mwezi wa kumi na mbili. Kwetu cha muhimu zaidi ni mashariki na magharibi. Ukuta unaotazama mashariki unapata jua la asubuhi, linalokausha umande kwenye majani, halafu unapumzika mchana. Kama una ukuta huo, una bahati.

Tatu, jua adui zako. Adui wa waridi Pwani ni unyevu. Kuna ugonjwa wa madoa meusi kwenye majani, ni kuvu, na inahitaji jani libaki limelowa kwa saa kadhaa tu. Ua mdogo, upepo haupiti, masika ya mwezi wa tano: hiyo ni sherehe yake. Adui mwingine ni udongo. Tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, udongo una chokaa, na waridi linapenda udongo wenye asidi kidogo. Ndio maana majani yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani: chuma kipo ardhini lakini mmea haukipati.

Basi ukiwa na saa tano ama sita za jua la asubuhi na hewa inapita, jaribu waridi. Chagua ukoo uliozoea joto: zile Noisette za Charleston, mji wa joto na unyevu kama sisi, ama waridi za China zenyewe. Madame Alfred Carrière, Noisette nyeupe ya mwaka 1879, ni chaguo la heshima, ingawa inakua kubwa na utaikata mara kwa mara. Zéphirine Drouhin mimi nisingeiweka hapa. Haina miiba, ni nzuri, lakini inashikwa haraka na madoa meusi, na kwa unyevu wetu utakuwa unalea mgonjwa. Ukienda kwenye vitalu vya barabarani huenda mche usiwe na jina. Muulize muuzaji umelelewa wapi. Mche wa Limuru umezoea sweta.

Panda kwenye chungu kikubwa chenye mbolea ya samadi iliyooza vizuri, sio moja kwa moja kwenye chokaa. Mwagilia chini, usilowe majani. Na ukumbuke waridi halipandi lenyewe. Halina mikono ya kujishikia. Ni wewe unalifunga kwenye waya. Lifunge matawi yakilala upande, sio yakisimama wima, kwa sababu tawi lililolazwa linatoa machipukizi mengi ya maua, na lililosimama linakimbilia juu kuchanua kwa jirani.

Ukiwa na chini ya saa nne, ama jua linapita tu kama mgeni, achana na waridi kabisa. Bogenvilia pia achana nayo. Bila jua kali itakupa majani na miiba. Weka asumini. Ile ya kusokotwa kwenye nywele na kutengeneza makoja inatoka Asia ya Kusini, na imekuwa ya kwetu muda mrefu kiasi kwamba harusi bila asumini inaonekana haijakamilika. Kivulini itachanua kidogo kuliko juani, lakini itachanua, na harufu yake inatoka usiku, wakati ambao wewe uko nyumbani. Ama ile ya mwituni, yenye jina la Rio. Irudishie heshima yake, ila ikate isimeze waya wa stima.

Na ukiwa na kivuli cha mwembe na subira ya miaka mitatu hivi, jaribu vanila. Inataka kivuli, inataka unyevu, inataka mti wa kushikilia: kila kitu ambacho waridi linakichukia kwenye ua wako, vanila inakiomba. Siku ikichanua, utaamka asubuhi, uchukue kijiti, ufanye alichofanya Edmond. Ua la vanila linafunguka siku moja tu, kwa hiyo usilale.

Mimi sisemi usipende waridi. Wazee wetu walilipenda mpaka wakalinunua kutoka Damascus. Lakini walijua ua wao, wakajua kivuli chao, wakapanda kinachokubali kuishi hapo, na kile kisichokubali wakakileta kwenye chupa wakakinyunyiza kwa wageni. Hiyo mimi naiita akili. Hujapoteza kitu ukiwa na asumini ukutani na mrashi kabatini. Na mtu akikuuliza mbona hujaweka waridi kama la Uingereza, mwambie lile waridi sio la Uingereza, halafu umwekee chai, kwa sababu stori yake ni ndefu na ina watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye lebo.